Anza Mkiani

Jirani hunisalimu juu ya ukuta, sauti ameishusha
kama anayeulizia mgonjwa:
Bado yumo?
Yumo. Chumba cha nyuma, tulichojenga Maweni tupangishe,
mlango wa makomeo mawili na kufuli la Kichina,
dirishani wavu wa kuku juu ya wavu wa mbu.
Kibali cha wanyamapori kimebandikwa
palipokuwa na picha ya harusi yetu.
Picha iko sandukuni. Sikuuliza.

Jefwa alimpa jina Bi Mkubwa.
Mwaka wa kwanza nilicheka,
wa pili nikanuna,
kwa kuwa Bi Mkubwa ana jua la asubuhi,
Bi Mkubwa hununuliwa sungura,
nami naambiwa ng'onda imepanda bei.

Alikuja ana urefu wa mkanda.
Leo ni hatua zangu sita, kilo arobaini na moja;
tulimpima kwenye mizani ya Tsofwa, muuza makaa,
naye Tsofwa akaisugua mizani kwa sabuni na majivu,
kisha akatutoza ya sabuni.

Sheria zake Jefwa alizisema kama anayehesabu chenji:
Usimshike akiwa na shibe, ngoja siku tano,
atatapika, na utakayejuta ni wewe.
Usimshike macho yakiwa ya maziwa,
anapotaka kujivua gamba;
haoni, na asiyeona hupiga kwanza.
Usiingie na harufu ya kuku. Nawa. Nawa tena.
Mguse ubavu kwa fimbo, polepole,
ajue kilichokuja ni mkono, si mlo.
Na usiingie peke yako.
Chatu mkubwa ni kazi ya watu wawili.

Tulikuwa wawili: yeye kichwani,
mimi mlangoni na beseni, nikitazama kando.

Kiharusi kilimkuta kinyozini,
nusu ya ndevu imenyolewa.
Aliporudi kutoka hospitali
ulimi ulikuwa na maneno matatu:
maji, hapana, Bi Mkubwa.
Jina langu halikuwemo.

Nikapiga simu kwa watu wa nyoka:
Njooni mchukue.
Wakasema Jumanne.

Jumapili usiku nikasikia beseni limepinduka,
na joto lile, Malindi ya mwezi wa tatu,
hata ukuta unatoka jasho.
Niliingia peke yangu. Najua.
Alipanda kiganja, kiwiko, bega,
bila haraka, kama mtu kwenye ngazi za kwake.
Hana utelezi, waongo wote;
ni mkavu kama mkoba mpya,
na ndani yake kitu kizito
kikivuta pumzi moja kwa pumzi zangu sita.
Kisha akakaza.
Sikuona hasira. Alikaza
kama anayekumbatia nguzo asianguke,
na vidole vyangu vikafa ganzi kimoja kimoja.
Nikamshika shingo nivute. Akazidi.

Jefwa huyo mlangoni, anajiburuta ukutani,
mguu mmoja unachora mstari sakafuni,
shati la kulalia limefungwa vifungo upande.
Mdomo ukahangaika, ukaanguka, ukainuka,
likatoka neno la nne:
Mkia.

Nikaachia shingo.
Kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki, akashika ncha,
nami nikageuka papo hapo,
mzunguko mmoja, wa pili,
kama mtu anayevuliwa leso iliyolowa,
mpaka uzito wote ukawa mikononi mwetu,
mikono mitatu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.

Jumanne wakaja na gunia na fomu.
Nikawaambia bwana amelala, rudini wiki ijayo.
Wiki ijayo alikuwa amelala pia.

Siku hizi, baada ya chai ya alasiri,
namkalisha kibarazani tufanye mazoezi ya daktari.
Mkono wa kulia umejikunja ngumi
isiyojua tena njia ya kufunguka.
Daktari alisema mnyooshe, hakusema vipi.
Nanawa kwanza. Namgusa ubavu, ajue ni mimi.
Naanza na kidole cha mwisho,
kisha kilichokitangulia.
Gumba litakuja lenyewe.