Kaza Likiwa Chini

Lilianza kwenye matuta ya Namakwekwe:
ko.
Kisha kimya cha siku mbili, kama mdeni.
Kisha ko-ko, upande wa kushoto, kila nilipokata kona
kuingia shuleni, na kidato cha pili
wakajua kabla ya kengele kwamba hesabu imefika.

Subaru yangu ya mwaka tisini na nane,
bluu iliyopauka kama sare ya muhula wa tatu,
na lile tundu la kuvutia hewa juu ya boneti.
Niliinunua kwa afisa wa forodha wa Malaba
aliyeniambia: mwalimu, hili halijui kutembea.
Kweli. Sasa lilikuwa linachechemea.

Uza, alisema mwalimu wa kemia. Nunua kagari ka watu wazima.
Nikamtazama akishuka kwenye kagari kake ka watu wazima,
uso umetulia kama uji uliopoa.

Mugide akalala chini, tochi mdomoni,
akapenyeza mtaimbo kati ya mkono na fremu, akabinya.
"Njoo uone."
Nikapiga magoti kwenye oili na maganda ya njugu.
Mpira wa bushi umechanika mduara mzima,
chuma kinacheza ndani yake
kama jino la mtoto wa miaka sita.
Boljointi nayo ilikuwa imekwisha kufa,
ila hakuna aliyeipa taarifa.

Wanaosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawajapanda basi la saa kumi alfajiri kwenda Kisekka.
Pale kila kipuri kimetoka Japani jana,
kimepakwa rangi nyeusi mpaka kwenye nyuzi.
Cha kwanza nilikikwaruza kwa ukucha, kutu ikanisalimu.
Cha pili pia. Cha tano pia.
Mwishowe Ssenkubuge akatoa chini ya meza
mikono miwili ya alumini, ya lile toleo la mashindano,
bushi zake ngumu kama kisigino cha mkulima.
Akataja bei. Nikataja nusu.
Akanitajia watoto wake.
Nikamtajia wangu mia na arobaini, wote kidato cha pili.

Bolti ya nyuma ilikataa siku nzima.
Mafuta ya taa. Nyundo. Bomba la maji juu ya spana,
Mugide na mpwa wake wakiling'ang'ania kama nguo kambani.
Ilipolegea ililia.
Na kichwani pake, chini ya tope la Wanale,
palikuwa na alama ya manjano, ya brashi, ndogo:
mtu fulani kiwandani aliikaza,
akaitia alama, akageukia gari lililofuata.
Miaka ishirini na sita hakuna aliyeigusa.
Nilitaka kumwambia kitu. Sikujua jina lake.

Mikono mipya ikaingia, inang'aa kama sufuria za harusi.
Kaza basi, nikasema, jua linazama.
"Bado. Ukikaza likiwa juu ya jeki
mpira unadhani hewani ndiko kwao.
Ukilishusha, unajinyonga kila siku,
na mwaka haujaisha umechanika.
Lishuke kwanza. Libebe uzito wake."
Akafikiri kidogo.
"Na wewe ingia. Na hayo madaftari."
Nikaketi mbele ya usukani, gari limezimwa,
mia na arobaini za aljebra kiti cha nyuma,
nikasikia chini ya miguu yangu
spana ikizunguka polepole, robo kwa robo.

Alinionya: utahisi kila kokoto.
Barabara ya Sironko nilizihisi zote,
na ncha ya mshono wa lami, na hata panzi, labda.
Usukani ulinijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Jumatatu niliingia getini bila ko.
Nikakata kona, nikaegesha, nikapanda ngazi.
Kidato cha pili niliwakuta
wamesimama juu ya madawati.