Kesi ya Ukuta Mweupe

Bi Time Hamad aliegemea ukuta wake mwenyewe
akingoja gari ya kwenda Konde, harusini,
akashuka kule na bega jeupe juu ya buibui jeusi
kama aliyelalia gunia la unga.
Wifi zake walicheka. Hilo ndilo lililomuuma.

Kesho yake Asaa Khatib, fundi rangi, akaitwa kwa sheha.
"Umenitilia chokaa. Nami nimelipa bei ya rangi."
"Wallahi sikutia chokaa."
"Basi huu unga?"
Sheha akamtuma mtoto skuli kuniita, mwalimu wa kemia.
Nilikwenda na chaki bado vidoleni,
ushahidi wangu ukaanza vibaya.

Nikasema: weupe huu ni oksidi,
chembe za titani, ndogo kuliko vumbi la karafuu.
Usiku wa Wete mnaujua, hata chumvi koponi hutoa jasho;
kila chembe hujifunika maji,
utando usiolowesha ukucha.
Asubuhi jua linapiga. Si lile la kuanikia,
ni jua lililo ndani ya jua, lisiloonekana,
lile linalopausha kanga kambani.
Linaing'oa elektroni kitini pake.
Kiti hakikubali kukaa kitupu:
kinanyang'anya maji ya jirani,
na maji yaliyonyang'anywa si maji tena,
ni nusu,
mkono mmoja umeshika, mmoja unapapasa hewa.
Nusu hiyo haiombi. Huuma cha kwanza kuigusa,
na cha kwanza ni gundi iliyoshikilia rangi.
Chembe yenyewe haipungui. Inaachiwa tu.
Ndizo zilizopanda begani kwa Bi Time.

"Kwa hiyo mwizi ni jua?" sheha akauliza, kalamu juu.
"Jua, na maji, na weupe wenyewe."
"Hao watatu siwezi kuwaandikia wito."

Tukaenda ukutani. Nikapitisha kidole upande wa mashariki:
kikarudi cheupe.
Nikapitisha chini ya upenu, nyuma ya mlango wa jiko,
pasipoonja jua tangu kupakwa:
kidole kikatoka kidole.
Asaa akashusha pumzi kama aliyeopolewa.
Bi Time akasema, "Kumbe nilikwenda harusini na kemia,"
wala hakucheka; lakini alilipa nusu iliyobaki.

Njiani Asaa akanifuata, mnyororo wa baiskeli ukilia.
"Mwalimu. Chokaa sikutia. Maji nilitia,
kopo zima kila ndoo, zaidi ya yalivyoandikwa.
Gundi ilikuwa nyepesi tangu mwanzo."
Sikumjibu. Nilikitazama kidole.

Saa nane, kidato cha tatu, niliandika ubaoni O na H,
nikasita.
Pembeni yake inatakiwa nukta moja.
Nassra akanyanyua mkono: "Nukta ya nini?"
Nikamuuliza, chuoni, katikati ya neno,
te ikipotewa na nukta moja inakuwa nini?
"Nuni, mwalimu. Na neno linakuwa jingine."
"Ndiyo hii. Imepotewa na mwenzake,
na popote itakapomkuta mwingine itamchukua,
awe wa nani, awe wa nani."

Chaki nilikuwa nayo mkononi,
lakini nukta ile niliichapa kwa kidole,
kwa unga wa ukuta wa Bi Time.
Ilishika.
Na kwa sheha sikurudi.