Michezo: 0

Imefika. Miezi saba na nusu,
halafu imefika ndani ya soksi ya mjomba wa Cirhuza
aliyevuka Ruzizi akichechemea
ili watu wa forodha wamhurumie.

Nyeusi, ndogo, inajaa kiganjani.
Vitufe vyake vinabonyea na kurudi
kama punje za mahindi mabichi.
Tulichanga watatu: mimi dola arobaini,
Cirhuza ishirini na redio ya marehemu baba yake,
Ntakwinja faida ya sambaza ya wiki sita,
na sharti lake juu:
ikifa hii, samaki wangu mtawavua ninyi.

Kibao nilikuwa nimeshakiandika,
kwa rangi iliyobaki ya mlango:
MICHEZO MIPYA. DAKIKA KUMI, FARANGA MIA MBILI.
Foleni ya watoto ikapita kwa fundi cherehani
ikapinda kwa muuza mkaa.
Mmoja alikuja na bidoni la maji kichwani,
hakulitua, alisema anachungulia tu.

Nikaiwasha.
Ikalia mara moja, kama mtu
aliyeitwa jina usingizini.
Michezo: 0.
Saa ilikuwepo. Kikokotoo kilikuwepo.
Mistari mitatu ya rangi, ya kupima kioo.
Na barua fupi ya walioiunda,
Cirhuza akaitafsiri akikuna shingo:
Kila kitu ki wazi. Hatukuficha kitu.
Michezo itakuja, mtaileta ninyi.

Wazi!
Nyumba ya jirani yangu nayo i wazi
tangu upepo wa Machi uondoke na mabati,
na sijasikia mtu akimpa hongera.

Kikokotoo kinachezwaje?
aliuliza mtoto wa fundi.
Nikamtoza mia. Akagawanya namba kwa sifuri,
akagawanya tena, akabonyeza kwa hasira,
hadi mashine ikakiri: KOSA.
Foleni nzima ikapiga makofi.
Hayo ndiyo mapato yetu ya siku ya uzinduzi:
noti moja, tena yenye plasta.

Usiku wa saa nane umeme ukarudi bila kubisha.
Ntakwinja akafungua daftari la madeni,
lile lenye miraba,
na kwenye ukurasa wa mama mmoja asiyelipa
akapaka wino mraba kwa mraba:
kichwa, mikono miwili, bidoni.
Cirhuza akaandika msimbo kwa kidole kimoja
kwa kuwa kingine kilishika waya wa chaja
pale usipokatika.
Mimi kazi yangu ilikuwa kuogopa betri.

Usiku wa nne kijana wetu wa miraba alitembea.
Anapanda ngazi za Nyamugo na maji yake,
anaruka mbuzi,
anakwepa beseni la mama anayemwaga povu.
Kwenye ngazi ya saba anatumbukia.
Hateleizi: anapita katikati ya ardhi,
anashuka, anashuka, skrini nyeusi,
na maji hayamwagiki hata tone.

Asubuhi nilichukua wembe,
nikakwangua I mbili kwenye kibao.
MCHEZO MPYA.
Sikuzimaliza. Ukisogea utaziona,
nimeziacha zingoje.

Watoto walilipa ili waone akitumbukia.
Walihesabu kwa sauti, tano, sita,
wakashika vichwa.
Cirhuza alikuwa ameshalijua kosa,
alama moja ilisahaulika, akasema,
nairekebisha sasa hivi, aibu hii.
Kidole kikawa hewani.

Yule wa bidoni, safari hii amelitua,
akamtazama kama mtu anayetazama mgeni.
Unarekebisha nini? Ngazi ya saba haipo.
Mvua iliichukua mwaka juzi.
Sisi huwa tunaruka.

Kisha akaomba afundishwe
kitufe cha kuruka ni kipi.
Tukatazamana.
Hatukuwa tumekiandika.