Lita Nane

Saa kumi na moja alfajiri, Rungwe hauonekani.
Mlima mzima umefungwa ndani ya ukungu
kama sarafu kwenye fundo la khanga.
Siuoni, lakini maji ya bomba langu yanatoka kwake,
na migomba yangu inajikinga upepo mgongoni pake.
Basi ndivyo ninavyoianza siku nawe, Bwana.

Namkamua Pareto,
ng'ombe niliyemnunua kwa fedha za pareto
mwaka ule bei ilipopanda, kabla haijatuangusha.
Sipigi magoti. Anayekamua ameshainama tayari,
kigoda chini, paji la uso ubavuni mwa mnyama,
na hapo, kwenye joto la ngozi na harufu ya samadi,
ndipo ninaposali.
Maziwa yanagonga bati, tsii, tsii,
yanaitikia amina kabla sijafika mwisho.
Lita nane. Jana saba na nusu.

Mchungaji Mwasomola anasema mbinguni barabara ni za dhahabu.
Sibishi.
Mimi ningetosheka na jiko lisilotia moshi machoni.

Juzi nikashuka na ndoo kichwani.
*Ugonile*, wakaniamkia wachuma chai,
yaani, umelala?
Nimelala, nikajibu.
Nani alikesha, hilo hatuulizani.

Kijito chetu kina daraja la magogo matatu.
Usiku mvua ilikuwa imeng'oa moja, nami sikujua,
ukungu ulinifika magotini.
Mguu wangu ukaenda kwenye gogo la kati
wala sikuuagiza.
Niliporudi kumekucha ndipo nikaliona pengo,
na maji yakipita chini yake yakiwa na haraka zake.
Nikaketi pale pale, ndoo tupu mapajani,
nikacheka, kisha nikalia,
kisha nikakumbuka sikununua chumvi.

Nikamsimulia Tupokigwe, jirani yangu.
Akanitazama hadi nilipomaliza.
"Na mwaka juzi," akasema, "Ambakisye wako alipokufa,
huyo Mungu wako alikuwa kwenye daraja lipi?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.
Nikamkatia chane mbili za ndizi, akaziweka kwenye bakuli lake, akaenda.

Lakini wewe unajua, kwa kuwa ulikuwapo,
au kama hukuwapo, niambie:
usiku ule wa hospitali sikuona nuru,
sikusikia sauti, zaburi zote zilinikimbia.
Nilimwona muuguzi wa zamu, msichana mwembamba,
dawa hakuwa nazo, alikuwa na sweta.
Akalivua, akanifunika nalo miguu nilipolala sakafuni,
akaendelea na kazi, mikono ameikunja kwapani kwa baridi.
Jina lake sikumuuliza.
Tangu hapo, nikikuita, sikuoni kwenye kiti cha enzi.
Naona kijani kilichopauka,
kifungo cha tatu kimepotea,
na uzi uliobaki pale kilipokuwa.

Jioni mwanangu Lusajo alikuwa anamenya viazi.
Anavimenya vinene, nusu ya kiazi anampa Pareto.
Nikamkaripia, halafu nikanyamaza:
ng'ombe naye ana sehemu yake.
Nikahesabu fedha za maziwa mezani,
ya ada huku, ya pumba huku,
ya sadaka nikaitoa, nikairudisha, nikaitoa tena.
Hilo nalo uliliona. Sijifichi.

Viazi vilikuwa vimeiva, vimepasuka maganda kidogo pale Lusajo alipovisahau,
mlango ukagongwa.
Tupokigwe, amerudisha bakuli.
Kwetu bakuli halirudi tupu.
Ndani, kwenye kipande cha gazeti, chumvi,
iliyokunjwa vizuri kama barua.

Hakuulizia daraja. Hakuketi hata.
Nami sikumwambia ni nani aliyemtuma,
angekasirika.

Tulikula viazi vikiwa vya moto.