Kuni Zipo?

Saa tatu kamili usiku, valvu zikishashika moto
na kuwa nyekundu kama macho ya mtu aliyekesha,
Bi Ragna Tveit alipiga hodi kwenye nyumba kumi na moja
bila kutoka jikoni kwake.

Sisi tulikuwa wa tano.
Juu kabisa ya Mto Nungunungu, mwendo wa siku mbili kwa mbwa,
Mama alikuwa ameshaitoa betri chini ya blanketi
alikoilaza kutwa kati yangu na mdogo wangu,
maana baridi ya nyuzi arobaini na saba chini ya sifuri
huua betri kabla haijaua mtu.
"Kijito cha Bata, mnanisikia?"
"Tunakusikia."
"Kuni zipo?"
"Zipo."
Basi. Kahamia wa sita.

Hakuuliza habari za afya, wala za moyo.
Kuni zikiwepo, alisema, mengine yatangoja asubuhi.

Lakini mengi yalipita kwenye ule uzi wa shaba
aliouning'iniza mwenyewe baina ya misonobari miwili,
mjane wa miaka hamsini na tisa, kapanda na buti za marehemu:
bei ya ngozi, dozi ya penisilini,
uzito wa mtoto wa Enoch, aliyepimwa kwa mizani ya samaki.
Kiuno cha Philomène alisomewa fundi wa mjini,
inchi kwa inchi, mto mzima ukisikiliza,
na mpaka leo wapo wanaoibishia ile ishirini na sita.
Ndugu wawili wa Lemieux, ng'ambo kwa ng'ambo,
kila mmoja akiuona moshi wa mwenziwe,
walikuwa hawasemezani tangu ugomvi wa mtumbwi.
"Mwambie anirudishie shoka langu."
"Amekusikia, Gaston."
"Mwambie hata hivyo."
Naye akamwambia, neno kwa neno, bila kucheka.

Wa nane alikuwa Thaddeus.
Barafu changa ya Oktoba ilimmeza pamoja na mbwa sita,
na Bi Ragna hakumfuta orodhani.
Kila usiku, baada ya wa saba, alinyamaza
sekunde kumi (nilizihesabu kwa vidole)
kisha akamwita wa tisa.
Wageni walidhani mashine ina kasoro.
Wanasema kimya kingi kina mshindo.
Hiki kilikuwa kidogo tu, kinanuka tumbaku,
na sote tulikaa ndani yake tumebana pumzi.

Miaka minne hivyo.

Halafu usiku mmoja wa Februari,
mianga ya kijani imetanda juu ya paa,
inayatafuna mawimbi, maneno yanafika yamemeguka pembe,
wa saba akajibu, Bi Ragna akanyamaza,
nami nikafika kidole cha sita.

"Samahani," ikasema sauti ya kijana.
"Sijui kama naruhusiwa. Nimehamia nyumba ya konani.
Redio nimeikuta chini ya kitanda, imeviringishwa shati."

Kidole cha saba kikabaki hewani.
Mama akaweka sindano chini.
Mkwaruzo. Mkwaruzo.
Tulimsikia Bi Ragna akisogeza kiti,
akiweka kikombe, au akiikosa meza.
Sauti ilipotoka haikuwa ile ya kazini.
"Kuni," akasema. Akaanza upya. "Kuni zipo?"

"Chache."

Kabla hajavuta pumzi mtu akakatiza,
na kwenye mto ule hakuna aliyewahi kukatiza:
yule Lemieux mwingine, mdogo, ambaye hata jina lake
tulilijua kwa kulisikia likisemwa na Gaston kwa hasira.
"Alfajiri nitampelekea mzigo mmoja.
Shoka la Gaston ninalo."

Mkwaruzo mrefu.

"Amekusikia," akasema Bi Ragna,
akamwita wa tisa.