Zamu ya Chumvi

Darasa la nne B, Uvinza. Daftari linasema tisini na saba.
Vitabu vya sayansi kumi na kimoja,
kimoja hakina jalada, kinaanzia ukurasa wa tisa.
Niliandika ubaoni UVUKIZAJI,
nikapiga mstari chini, nikasema rudieni.
Wakarudia, uvukizaji, uvukizaji,
kama abiria wanaosoma jina la stesheni
ambayo treni yao haisimami.

Nikafuta ubao.
Sukumeni madawati ukutani.

Nani atakuwa jua?
Mikono juu, darasa zima; jua kila mtu analitaka.
Nikampa Tabu Kagoma, kwa kuwa ana sauti
na kwa kuwa angelia nisingempa.
Nikamfunga kanga yangu ya manjano, hiyo ndiyo miale.
Maji walikuwa hamsini, wamechuchumaa sakafuni,
wameshikana mikono, wanatikisika kidogo.
Mawingu kumi juu ya madawati (nilijua ni kosa).
Wasiotulia nikawaita upepo, nikawapa mlango.

Na chumvi?

Kimya.
Nani anataka kuwa kitu kinachobaki chini
wenzake wakipaa?
Watoto wa Uvinza hawa, ambao baba zao hurudi jioni
na weupe kwenye nyufa za visigino,
hakuna aliyetaka kuwa chumvi.

Butoyi akainua mkono.

Kwenye daftari la mahudhurio wapo Bukuru na Butoyi,
jina chini ya jina,
na la juu limepitiwa na wino mwekundu tangu Machi.
Malaria. Siku nne.
Tangu Machi Butoyi huitika kwa kidole.
Mwalimu mkuu husema ni ukaidi, utamtoka.

Basi jua likatembea. Tabu aliwaka kweli kweli,
akapita katikati ya maji akiwagusa vichwani,
na kila aliyeguswa akaachia mkono wa jirani,
akapanda akisema ninakwenda, ninakwenda.
Dawati likavunjika mguu.
Mawingu yakaanguka kabla ya saa yake,
mvua ikanyesha Malagarasi yote
na tone moja likachubuka goti.

Ndipo akaingia mthibiti ubora, kalamu mbili mfukoni,
akauliza, zana za kufundishia ziko wapi, mwalimu?
Nikamwambia, ni hizo, zinapangusa kamasi.
Hakuandika hilo. Au aliliandika;
ripoti sijaiona.

Katikati ya sakafu alibaki mmoja,
magoti kifuani, shati na kifungo chake kimoja.
Jua likaja likamgusa.
Hakuinuka.
Likamgusa tena, maana Tabu hapendi kushindwa:
“Panda na wewe! Wenzako wote wamepanda.”

Na Butoyi, kwa sauti yenye kutu,
sauti ya bawaba isiyofunguliwa tangu masika:
“Mimi sipandi. Mimi ni chumvi.
Maji yakienda, mimi nabaki.”
Akafikiri kidogo, akikwaruza saruji kwa ukucha.
“Nisipobaki, mtajuaje
kwamba maji yalikuwa hapa?”

Hilo halimo kwenye mtaala.
Mawingu yalinyamaza, hata lile la goti.
Upepo ulisimama mlangoni, kidole mdomoni.
Mimi niligeukia ubao, nikaanza kutafuta chaki
iliyokuwa mkononi mwangu.

Mtihani wa mwezi, swali la saba:
Eleza maana ya uvukizaji.
Wengi wamepata. Kuna aliyeeleza habari za dawati,
kuna aliyeandika tu, “Ni Tabu,” nikampa nusu alama.

Butoyi aliruka swali la saba.
Nilikaa na karatasi yake mpaka umeme ukakatika,
nikawasha kibatari,
nikaiweka pembeni kalamu nyekundu,
nikamtia vema kwa wino wa buluu
juu ya ile nafasi nyeupe.