Daftari la Kurasa Tisini na Sita

Mbele ya daftari ni kazi:
vali ya robo tatu, mia nne na hamsini,
tepu mbili, gundi, nauli ya South B.
Mama Syombua anadaiwa tangu Machi.
Kabla ya kukata bomba, fungua mfereji wa chini kabisa,
maji yaliyolala ndani yasikurukie usoni.
Hilo nalo nimeliandika. Limenilipia kodi.

Nyuma ya daftari, nikiligeuza juu chini,
nimeandika korongo.

Wale wa mzunguko wa Nyayo, juu ya migunga,
wenye upara, waliovaa kama wasimamizi wa mazishi.
Jumatatu, kumi na tisa. Jumanne mvua, sikuhesabu.
Kwamba jua likiwaka hujinyia miguuni,
kinyesi kikikauka joto huondoka nacho;
kwamba miguu ile myeupe, kumbe, ni myeusi.

Hili halijanipa hata shilingi.

Kaka yangu Momanyi ana diploma, na ana hoja:
"Penina, kichwa ni tangi.
Ukilijaza upuuzi, maji ya kuoga utayaweka wapi?"
Nikamjibu nimefunga matangi mia mbili mji huu
na kila moja nimelitobolea tundu la ziada.
Asiyelitoboa, dari yake huoza.

Jibu tamu. Usiku huo gesi iliisha,
nikala mkate mkavu gizani,
nikajua naye hakukosea.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
alituambia mwalimu wa ufundi kule Kabete.
Hakusema mali ni nini.

Mwezi huu pande mbili zimekaribiana.
Zimebaki karatasi tatu katikati,
na sijui nani atamla mwenzake.

Jana, Plainsview, Bwana Wafukho alitaka risiti.
Nikachana karatasi, nikaandika: pampu, kazi, jumla.
Sikuutazama mgongo wake.

Saa nne usiku simu ikalia.
Niliona jina lake, nikatafuta viatu na spana
kabla hata ya kupokea.

"Fundi."
Pampu imegoma?
"Pampu inavuta vizuri."
Kimya kidogo. Karatasi ikachakarika upande wake.
"Hawa ndege.
Unasema miguu yao ni myeusi?"